Waliponivua Jina la Bibi

Baba yangu aliniita mama tangu nikiwa mtoto mchanga, akaacha asubuhi moja nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu. Hatukuwa tumegombana. Aliacha kwa sababu ananipenda, na hadi leo sijui nimlaumu kwa maneno gani.

Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Kwetu Litapunga mtoto hapewi jina kwa sababu wazazi wamelisikia redioni wakalipenda. Nilipozaliwa, wanasema, nililia mchana kutwa na siku iliyofuata, titi sitaki, mgongoni sitaki. Shangazi, dada yake baba, akanipakata na kuanza kunitajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli. Alipolitaja la bibi nikanyamaza. Basi, ikawa mimi ndiye bibi. Babu alikuwa bado hai, akaniita mke wangu mpaka anakufa, na kila siku alilalamika kwamba mke gani huyu hajui kusonga ugali. Baba alinisalimia "shikamoo mama" mbele za watu, nami nilijibu "marahaba" kwa sauti ya kikongwe, watu wanacheka. Nilikua nikijiona mkubwa kuliko kaka zangu.

Bibi mwenyewe sikumkuta. Alikufa kwa ugonjwa wa titi. Shangazi aliyenipa jina naye alikufa kwa ugonjwa huohuo, nikiwa msichana wa kutumwa maji. Hakuna aliyetamka kansa. Walisema ana kidonda. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji chumbani, na harufu ya chumba kile ninayo mpaka leo. Nikisema ninayo sitanii. Huwa inanijia nikiwa napiga pasi.

Mimi ni fundi cherehani, Kawajense, mjini Mpanda. Nashona sare za shule, vitenge vya harusi, gauni za kipaimara. Kazi yangu ni kupima vifua vya wanawake wa watu na kuwaambia ukweli kuhusu viuno vyao, jambo ambalo hawalipendi.

Miaka michache iliyopita gari lenye vipaza sauti lilipita mitaani kwetu. Likatangaza kwamba watu wazima wote, hata wasioumwa, hasa wasioumwa, waende kituo cha afya wakatolewe damu kidogo. Wataalamu wa utafiti watatazama vinasaba, yaani vile vitu vya ndani ya damu ambavyo mtu anarithi kwa wazazi, waone nani ana hatari ya ugonjwa gani kabla ugonjwa haujaja. Mtaani watu walicheka sana. Jirani yangu wa genge alisema, "Yaani sina homa, niende nikawaombe homa?" Wengine wakasema wanataka damu zetu wakauze. Mimi nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu ya ule uji na kile chumba, wala sikumwambia mtu.

Majibu yalichukua miezi. Nilipoitwa, nilikaa mbele ya dada mmoja mdogo kiumri, mshauri wao, mwenye sauti ya upole. Alivaa blauzi ya rangi ya maziwa ambayo mkono wake wa kushoto ulikuwa umepachikwa vibaya, umejikunja kwapani. Nilimwangalia kwapa muda wote aliokuwa anaongea. Nadhani kama ningemwangalia usoni ningekimbia.

"Mama, hauumwi," alisema. "Naomba hilo ulielewe kwanza. Lakini umezaliwa na hitilafu kwenye vinasaba, inayokupa hatari kubwa ya kansa ya titi. Kubwa kuliko ya wanawake wengine."

Nikamwuliza imetoka kwa nani. Akaniuliza habari za bibi, za shangazi, akatikisa kichwa taratibu. Akasema inaelekea imepitia kwa baba, maana mwanaume naye anaibeba na kuipitisha hata kama yeye haitamdhuru. Akanifundisha kujipapasa kila mwezi. Akasema kila mwaka nipigwe picha ya matiti. Hapa Mpanda haipo, niende Mwanza. "Ukiwahi, inatibika," alisema. Neno hilo ndilo nililotoka nalo pale, nimelikumbatia. Kila mwaka, Mwanza, nikiwahi.

Akasema pia kwamba niwaambie ndugu zangu wa damu nao wapimwe. Nikatii.

Tulikutana Litapunga nyumbani kwa baba. Alikuwepo baba, baba mdogo, kaka zangu wawili, na dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mishamo, amekuja na pikipiki amejaa vumbi mpaka kope. Niliwaeleza kama nilivyoelezwa, na pale niliposahau niliongezea kwa akili yangu. Niliwaambia kwamba kila mmoja wenu aliyezaliwa na baba anaweza kuwa nayo, anaweza asiwe nayo, haijulikani mpaka damu ipimwe.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu wa dini kigangoni, aliuliza, "Sasa kwa nini imekukuta wewe?"

Baba mdogo hakuchukua hata muda wa kufikiri. "Si ndiye mwenye jina lake?"

Nilisikia watu wakishusha pumzi. Nakumbuka vizuri kwa sababu iliniuma. Nilikuwa nimewaletea habari inayowahusu wote, na neno moja la baba mdogo limewatoa wote nje, nimebaki ndani peke yangu. Hawakufanya kwa ubaya. Ilikuwa ni jambo lililokuwepo siku zote na sasa limeeleweka: bibi alikufa kwa titi, bibi amerudi kwa jina, titi nalo limerudi.

Nilibishana. Mimi ni mbishi, wanajua. Nikasema, "Na shangazi? Shangazi hakuwa na jina la bibi, mbona alikufa hivyohivyo?"

"Shangazi yako ndiye aliyemuuguza," alisema baba mdogo. "Alilala naye. Alirithi hata khanga zake."

"Ni damu, nyie watu. Mtaalamu kasema damu."

"Na damu yako inamjua nani?" akauliza baba, kwa sauti ya chini sana. "Ulipolia, ni damu iliyonyamaza?"

Mtu aliyesomea haya mambo pengine angekuwa na jibu la kumpa baba yangu. Mimi nilikuwa na maneno ya dada mmoja wa blauzi iliyopinda, niliyoyabeba kwenye pikipiki kutoka mjini, na wao walikuwa na maisha yangu yote.

Wakakata shauri nivuliwe jina. Kwetu hilo hufanyika. Mtoto akiugua mfululizo, jina likionekana limemzidi, marehemu anaombwa radhi na mtoto anapewa jingine. Ila jina la mtu mkubwa kama bibi haliachwi likazurura bila mwenyewe. Lazima apatikane wa kulipokea, mtu wa damu. Wakatazamana. Kaka zangu wakaanza kukuna visogo, maana wana mabinti wadogo na hakuna aliyetaka kusema jina la binti yake.

Dada yangu akasema, "Nipeni mimi."

Akasema watoto wake wameshakua, wajukuu anao, mumewe ameshazikwa, hana cha kupoteza. Alisema hivyo huku anakung'uta vumbi kwenye kitenge chake, kama mtu anayejitolea kubaki kulinda nyumba wengine waende sherehe. Nilimwambia, dada, acha, huu ni upuuzi. Akanitazama kwa hasira. "We nyamaza. Nilikubeba mgongoni, sitashindwa hili."

Ilifanyika alfajiri ya siku iliyofuata. Baba alichanganya unga wa mtama na maji kwenye kibuyu, akaelekea upande lilipo kaburi la mama yake, akaongea naye kilugha. Alimwomba asikasirike, amhurumie mtoto, ahamie kwa mkubwa. Kisha akanipulizia yale maji kifuani. Yalikuwa ya baridi. Dada naye akapuliziwa. Kaka wa kigangoni alikaa kando na rozari yake, akionyesha kwamba hayumo, ila kuku alipoiva alikuwemo. Jina jipya nililopewa ni la bibi mmoja wa pembeni kabisa ya ukoo, ambaye sifa yake ilikuwa moja: alikufa kwa uzee, amelala, hana jino hata moja. Walinitafutia kifo kizuri.

Tulipokuwa tunanawa mikono, baba alimgeukia dada yangu na kusema, "Shikamoo mama." Dada akaitikia. Mimi nikainama kufunga viatu, na nilikaa muda mrefu kwenye kamba za viatu hivyo.

Mjini nilirudi nikiwa nimepona. Mume wangu ndiye aliyefurahi kuliko wote. Tangu nimwambie majibu alikuwa ananitazama kama mzigo ambao mtu kamwachia stendi akapotea, hajui aufungue au auache. Sasa akarudi kwenye mzaha wake, akawa ananiita bibi kibogoyo. Nilicheka naye. Kusema kweli ilikuwa raha kutazamwa tena kama mtu, na kuna siku nilijiuliza kama si mimi ndiye niliyekosea, labda kweli kitu kile kimetoka. Halafu nilikuwa nampima mteja kifua, mkono ukakaa palepale, na nikajua hakijatoka popote.

Mwaka ulipokaribia kuisha nikawakumbusha habari ya picha. Walikuwa hawajasahau. Ukoo mzima ulichanga, hata wale wa mbali ambao huwa hawaonekani mpaka msiba. Wakachanga vizuri, bila kusukumwa, na wakampeleka dada yangu Mwanza.

Ndiyo. Dada yangu. Mwenye jina.

Niliwaambia tupelekeni wote wawili. Niliwaambia dada apimwe kwa sababu yake mwenyewe, maana naye kazaliwa na baba na damu yake haijatazamwa, ila mimi yangu imeshatazamwa na imeshasema. Kaka mdogo akanipiga bega. "Dada, wewe ushapona bwana. Acha uroho wa safari." Watu wakacheka, na walicheka kwa upendo, na hapo ndipo nilipoanza kukata tamaa. Mtu akikuchukia unaweza kumpigia kelele. Hawa walikuwa wananipenda, wamechanga, wamechinja, wamesali, na kila walichofanya kilinisogeza mbali zaidi na ile picha.

Dada alirudi na majibu safi. Kulikuwa na vigelegele stendi. Wanawake wa ukoo walinikumbatia mimi pia, wakanipongeza. Baba alisema mama yake ametulia.

Nilijaribu kumpigia yule mshauri. Namba haikupatikana, siku hiyo wala siku nyingine. Kituoni waliniambia mradi ulimalizika na wale watu waliondoka na vifaa vyao. Daktari mmoja alinipapasa kwa mikono, akasema haoni kitu, lakini kwa historia hiyo niende Mwanza. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake avuke barabara. Niliwakasirikia wale wa utafiti, na bado nimewakasirikia. Walikuja wakatuambia kitu kikubwa namna ile, wakatuachia tukae nacho, na sisi tukakifanyia kile tunachojua kufanya.

Nikaanza kuweka akiba yangu mwenyewe, msimu wa sare za shule. Mume wangu akagundua. "Unaenda Mwanza kufanya nini? Dada yako si katoka juzi tu?" Hakugombeza. Alifanya baya zaidi, alimpigia baba simu.

Baba alikuja Kawajense kwa baiskeli, na umri wake ule. Alikaa kwenye benchi la wateja, akakataa chai. Aliniambia kwamba nikienda kulala kwenye mashine ile nitakuwa namwambia mama yake kwamba bado namdai. "Amekubali kuhama. Usimwite tena, mwanangu." Mwanangu. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo maishani. Halafu akalia, mzee mzima, mbele ya binti aliyekuwa amekuja kuchukua sketi yake. Mume wangu akasimama mlangoni akitazama chini. Nikamwambia baba basi, siendi. Ungesema nini?

Mwaka huo ukapita hivyo.

Uvimbe niliupata asubuhi moja ya masika, bafuni, nikiwa na haraka ya kuwahi mteja. Upande wa kulia, karibu na kwapa. Kama punje ya karanga chini ya ngozi, mgumu, hauumi. Nilirudia kuupapasa nikitumaini vidole vimekosea. Maji yaliendelea kumwagika kwenye ndoo. Sikulia. Nilihisi uchovu tu, uchovu mkubwa ambao sijawahi kuusikia hata baada ya kujifungua, na nikawaza kwamba "ukiwahi" imekwisha, imepita nikiwa nashona sare za watoto wa watu.

Niliamua nitakwenda Mwanza, kwa ruhusa au bila ruhusa. Lakini kwanza nilitaka kumwambia mtu mmoja. Nilimsubiri dada.

Alikuja na maharage kutoka Mishamo kama kawaida yake, debe zima, akakaa kwenye kigoda karibu na meza yangu ya kukatia vitambaa. Alikuwa amepungua. Nilifunga mlango wa banda, nikauchukua mkono wake, nikauweka penyewe.

Vidole vyake vilizunguka, vikasimama. Halafu akauondoa mkono na kuupeleka kwenye titi lake mwenyewe, upande uleule, akawa anatafuta, anabonyeza kwa nguvu, kama mtu aliyeibiwa anayepekua mfuko.

"Ni wangu huo," alisema. "Umekosea njia."

"Dada."

"Nimelishika vibaya. Nimelishika vibaya lile jina, mdogo wangu. Nilikuwa nasahau kuitikia. Watu wakiniita jina la bibi kuna siku nilikuwa nachelewa kuitikia, nadhani wanamwita mtu mwingine." Akaanza kulia, akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa, anamwomba bibi radhi, anamwomba arudi kwake, asinichukue mimi. Mimi niliyekuwa na uvimbe nikachuchumaa kumbembeleza yeye. Nikamwambia labda ni uvimbe wa kawaida tu, wanawake wengi wanapata. Nikamfuta kamasi kwa kipande cha bitana.

Alipotulia, nikamweleza upya. Nilimweleza polepole, bila hasira, kama nilivyotakiwa kuwaeleza siku ile Litapunga kama wangeninyamazia. Nikamwambia uvimbe haukuhama kutoka kwake wala kwa bibi. Kitu kilikuwa ndani yangu tangu tumboni mwa mama, na kilibaki humohumo siku tulipopuliziwa unga. Hakikuwahi kuwa kwenye jina.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mara hii niliona ameelewa, kwa sababu uso wake ulizeeka palepale.

Akaniambia kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu. Tangu apokee lile jina hajawahi kumlaza mjukuu kifuani. Wakija wanamrukia anawageuza, anawabeba mgongoni tu, na yule mdogo kabisa, aliyezaliwa mwaka jana, hajawahi hata kumpakata. Aliogopa kisiwavukie. Watoto wameshazoea, siku hizi hawamkimbilii.

Akaokota vipande vya vitambaa vilivyomng'ang'ania magotini, kimoja kimoja, akaviweka mezani.

"Kwa hiyo mimi," aliuliza, "nilikuwa nimebeba nini muda wote huu?"